Uzio Niliouchora Kiangazi

Mkuu wangu aliniita ofisini Kwale akaniuliza kama ningeweza kuchora njia ya uzio wa ndovu kabla ya mwezi kwisha. Kilikuwa kiangazi, majani yamekauka hata mbuzi wanayala kwa kuyahurumia. Nikasimama wima nikajibu, "Naam, mkuu, inawezekana."

Wanangu, nilipaswa kusema hapana.

Ninyi mnaoingia sasa katika kazi ya wanyamapori na mazingira mtaulizwa swali la namna hiyo, tena na mtu mwema kabisa. Mkuu wangu hakuwa mbaya. Waya na nguzo zilikuwa zimeshafika bohari, mwaka wa serikali ulikuwa umebakiza miezi michache tu kufungwa, na wakulima wa chini ya Vilima vya Shimba walikuwa wamechoka kuvuna nyayo za ndovu badala ya mahindi. Kuchora njia, kwa lugha yetu ya kazi, maana yake ni kutembea ardhini ukaona wanyama hupita wapi, maji yako wapi na watu wanalima wapi, kisha ukapiga vigingi: uzio upite hapa. Wengine wote hufuata vigingi vyako. Fundi hatauliza. Nguzo ikishasimama, inasimama.

Na uzio ule ulikuwa umalizikie karibu na shamba la Mjomba Salim, ndugu wa mama yangu wa tumbo moja, aliyenilea tangu baba yangu alipofariki nami sijaota jino la pili. Kwetu Wadigo mjomba si jamaa wa pembeni. Zamani mpwa ndiye aliyekuwa mrithi wa mjomba wake, na ingawa siku hizi watu hufuata sheria ya dini katika mirathi, mjomba bado ni mjomba. Mjomba Salim alikuwa na minazi, mikorosho na mahindi, na alikuwa ameshanionyesha kipande atakachonigawia nikistaafu. Kwa hiyo nilikuwa na sababu mbili za kukataa. Msimu haukuwa wa kazi ile, na mtu mwenye jamaa mwishoni mwa uzio hafai kuuchora. Sikuitaja hata moja. Nilitaka mjomba aone kigingi kimepigwa na kijana wake.

Nitawaeleza yaliyofuata, lakini msitarajie mpangilio. Kumbukumbu zangu ni kama mbuzi wangu hapa Waa: ukiwafunga kamba huku, unawakuta kule.

Niliingia kazini na cheti cha kidato cha nne chenye alama za wastani, na miguu yenye alama nzuri. Siku ya kuandikishwa tulikimbizwa kuzunguka uwanja mpaka mwenzangu mmoja akatapika maandazi, daktari akatutazama meno na nyayo, na waliobaki tukaambiwa tumepata. Nilidhani nitapangiwa Shimba, karibu na nyumbani, nikirudi jioni kula wali wa nazi. Nikapangiwa Marsabit.

Hakuna aliyeniambia kwamba kaskazini kuna baridi. Mimi nilijua jangwa tu. Kumbe mlima wa Marsabit una msitu na ukungu ambao asubuhi huoni kidole chako. Nilikuwa nikivaa kikoi ndani ya suruali ya sare, na juu yake koti, na bado meno yanagongana. Sajini aliyetupokea aliitwa Galgalo, mtu mwembamba mwenye sauti ndogo. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Sajini." Asubuhi ya pili tena, "Shikamoo, Sajini." Ya tatu akawageukia wenzangu.

"Huyu wa pwani kila siku ananishika miguu. Anatafuta nini?"

"Ni adabu, Sajini," nikasema.

"Adabu nimeiona. Sasa ishike miguu ya ndovu, hiyo ndiyo kazi."

Galgalo alinifundisha kusoma nyayo na kinyesi. Alinifundisha kupasua bonge la kinyesi na kuingiza kidole katikati: nje hudanganya kwa jua, ndani husema kweli. Matope yaliyopakwa kwenye gome la mti hukuambia kimo cha aliyejikuna. Na alinipa soksi kuukuu iliyojaa majivu. Ukiitikisa, vumbi lake huonyesha upepo unakwenda wapi, maana ndovu haoni mbali, lakini pua yake inajua ulikula nini jana.

Siku moja nilisahau kuitikisa. Nilikuwa mbele, nimejaa maarifa mapya, na upepo ukiwa mgongoni mwangu. Jike mmoja akatokea kichakani masikio yametandazwa. Walionitangulia kukimbia ni wale waliokuwa nyuma yangu. Nilivuka mawe na miiba na nilipofika garini nilikuwa na kiatu kimoja. Nikaomba ruhusa nirudi kukitafuta kingine.

"Amekuachia roho," Galgalo akasema, "wewe mwachie kiatu."

Nikamaliza doria mguu mmoja umefungwa gunia. Hata leo, nikisimama kuongea na mtu nje, hujikuta nautazama moshi wa jikoni unaelekea wapi.

Lakini fundisho kubwa la Galgalo lilikuwa hili: "Kiangazi ndovu hana siri." Kule kaskazini mvua zikinyesha ndovu hutawanyika, kila kidimbwi kina maji, huwezi kujua nani kapita wapi. Ikifika kiangazi maji hubaki sehemu chache, na njia zote hukutana. Ukitaka kujua njia kuu za ndovu wa kaskazini, tembea wakati wa ukame. Nilitembea naye misimu mingi, na kila mara alikuwa sahihi. Nililibeba fundisho lile kichwani, nikahamishwa kuja Kwale, nikashuka nalo Likoni pamoja na sanduku langu.

Kabla sijaenda huko, niwaeleze kuhusu keki, maana kazi hii ina raha yake na sitaki mdhani nilikaa miaka yote nikijuta.

Diani tulikuwa tukiitwa na mahoteli karibu kila wiki. Hoteli moja ilikuwa na mpishi kijana kutoka bara, akiitwa Brayo. Nikashuka garini, hata mlango sijaufunga, akanijia mbio na kofia yake nyeupe mkononi.

"Mzae, hao wasee wamehepa na keki ya wageni tena! Leo mmekuja na bunduki ama mmekuja kuangalia tu?"

"Kijana, salamu kwanza."

"Ah, pole. Sasa?"

"Hiyo wape wenzako. Mimi niamkie."

Akanitazama, akakumbuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, lakini keki ina jambo."

Tukacheka wote wawili. Nikamuuliza aliyechukua keki ni nani. Akaninyooshea kidole juu ya mti, na pale juu walikaa mbega watatu, weusi, wenye manyoya meupe marefu mabegani kama mashekhe waliovaa majoho, wakitafuna majani bila wasiwasi.

"Hao ndio wezi," Brayo akasema. "Ona vile wamekaa kama hawajui."

Hawakujua. Mbega hula majani, na tumbo lake limeumbwa kwa majani. Ukimpa keki utamuua. Nikamwambia tuketi tu, tungoje. Ilipofika saa ya chai, tumbili mmoja akashuka ukutani, akanyanyua kipande cha mkate kwenye meza ya mzungu aliyekuwa anampiga picha, akaondoka kwa mwendo wa mwenye nyumba. Mzungu akapiga makofi. Brayo akashika kiuno.

"Kumbe ni huyu! Na mteja ndiye anamfunza."

"Na mbega wangepigwa risasi bure," nikamwambia.

Kabla ya kuhukumu, tambua nani ni nani. Hapo hatukuhitaji bunduki. Mapipa ya taka yaliwekewa vifuniko vizito, wageni wakaombwa wasilishe wanyama, na Brayo akajifunza kubeba fimbo fupi ambayo hakuwahi kumpiga nayo tumbili yeyote. Kingine nilichomfundisha: ukikutana na nyani dume, usimchekee. Wewe unaona tabasamu, yeye anaona meno. Brayo aliniambia hiyo inamfaa hata kwa meneja wake.

Sasa turudi kwenye uzio.

Nilichora njia ile nikiwa na askari wawili. Tuliamka asubuhi, tukafuata nyayo. Kila unyayo ulielekea kwenye bwawa upande wa magharibi. Kila kinyesi kilikuwa huko. Upande wa mashariki kulikuwa na bonde kavu lenye mivumo, ile mirefu kama minazi iliyonenepa tumboni, na bonde lote halikuwa na hata unyayo mmoja mpya. Nikapiga vigingi kukata mdomo wa bonde, nikaendelea mpaka mwambani, karibu na mpaka wa mjomba. Nilifurahi jinsi mstari ulivyonyooka.

Nilikulia pale, wanangu. Hilo ndilo linalonikera. Nilipokuwa mtoto, kipupwe kikiingia matunda ya mvumo hukomaa, hugeuka rangi ya chungwa, huanguka chini kwa kishindo, na harufu yake hufika mpaka uani. Tulikuwa tukikatazwa kwenda bondeni wakati huo kwa sababu ndovu wamekwenda kula. Kila mtoto wa kijiji kile aliyajua hayo. Vilima vya Shimba havina shida ya maji kama kaskazini. Vijito havikauki vyote. Ndovu wetu hutembea kwa matunda. Kiangazi hakikunionyesha njia zao hata kidogo. Kilinionyesha mahali walipokuwa wakipumzika tu. Lakini nilikuwa nimeshafundishwa ndovu, na mtu aliyefundishwa jambo mara nyingi husahau kwamba alilijua kabla.

Siku ya mkutano wa kijiji mkuu alitaka wananchi wakubali. Watu waliketi chini ya paa la makuti la shule. Bi Mwanakombo, jirani wa mjomba, mwanamke asiyeogopa kipaza sauti, akasimama.

"Mimi nauliza moja tu. Na kipupwe je? Wakija kula mvumo, watapitia wapi?"

Nilifungua kinywa. Kabla sijasema, Mjomba Salim akasimama nyuma yake, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawa.

"Mwanakombo, keti. Aliyechora ni mpwangu. Serikali imempeleka mpaka Marsabit kusomea ndovu. Wewe umesomea nini?"

"Nimesomea njaa, Salim," akajibu, na watu wakacheka.

"Basi ngoja ushibe. Mpwangu akisema ndovu hawapiti, hawapiti."

Akanigeukia na kunitazama. Mpaka leo nauona uso ule. Ulikuwa na furaha ya mtu aliyelipwa kwa miaka yake yote ya kulea. Ningeweza kusema pale pale, "Mjomba, Bi Mwanakombo ameuliza vyema, tungoje kipupwe." Maneno hayo hayana hata uzito. Nilisema, "Tumetembea eneo lote. Msiwe na wasiwasi." Wakanyoosha mikono. Mjomba ndiye aliyenyoosha wa kwanza.

Jambo moja kuhusu uzio wa umeme halimo vitabuni, au labda limo na mimi sikulisoma. Uzio haumrudishi ndovu nyumbani. Humsindikiza. Akifika akaona njia yake imefungwa, haketi chini kulia. Huufuata ule waya taratibu, akitafuta mwisho wake. Na kila uzio una mwisho. Wa kwangu uliishia kwa mjomba.

Kipupwe kilipoingia, mivumo ikaanza kunukia. Nilipigiwa simu asubuhi nikiwa njiani kwenda Msambweni, nikageuza gari. Nilikuta minazi imelala kama viberiti vilivyomwagika. Ndovu huangusha mnazi apate moyo wake laini wa juu, anakula kidogo, anauacha. Mahindi yalikuwa yamekanyagwa. Mikorosho miwili ilisimama, mingine imevunjwa matawi. Majirani walikuwa wameshafika, wanawake wameshika viuno, na mjomba amesimama katikati ya shamba lake amevaa msuli na fulana.

"Mjomba, shikamoo."

Alinyoosha fulana yake, akaitikia.

"Marahaba, afisa."

Hakuwahi kuniita afisa; nilidhani ni uchungu wa asubuhi ile tu. "Mjomba, nitaushughulikia uzio huu, wallahi nitaushughulikia."

"Ushughulikie, afisa. Ndiyo kazi yako."

Bi Mwanakombo alikuwepo. Nilimtarajia anicheke, maana ulimi wake naujua. Hakunicheka. Alimletea mjomba kikombe cha uji, akamwambia, "Kunywa, Salim," kisha akanipita kama nguzo. Walionikejeli walikuwa vijana wa kijiji. Kwa miezi mingi nikipita na gari walikuwa wakiita, "Bwana Ndovu! Wageni wako walishiba, wametuma salamu!" Nilikuwa nikiwapungia mkono. Walikuwa na haki.

Nilianza kuomba uzio usogezwe. Nimejifunza kwamba kupiga kigingi huchukua asubuhi moja, na kukihamisha huchukua makarani wa serikali wote. Niliambiwa pesa zimekwisha, nikaambiwa ningoje mwaka mwingine, nikaambiwa nithibitishe. Basi nikathibitisha. Kila kipupwe nilikwenda bondeni, nikakaa, nikamwonyesha kila mkuu mpya nyayo zinazofuata waya kuelekea kwa mjomba. Mjomba alipanda upya mara mbili. Ndovu walirudi mara mbili. Mara ya tatu hakupanda. Aliuza shamba na kwenda Majoreni kwa binti yake Mwanaisha, kwenye kijiji cha wavuvi, yeye ambaye hakuwa amewahi kushika wavu maishani mwake.

Msimu uliofuata, mdomo wa bonde ulifunguliwa. Ndovu wakarudi kwenye njia yao ya mvumo kama vile hawakuwahi kuondoka, na mashamba ya chini yakatulia. Bi Mwanakombo amevuna kila mwaka tangu hapo. Aliyenunua shamba la mjomba ni Mwalimu Mutua, mtu wa bara, Mkristo, mfundishaji wa hesabu mwenye mikono ya mkulima. Alipanda pilipili kuzunguka mpaka wote, maana ndovu haipendi, akatundika mizinga ya nyuki, maana ndovu anaogopa nyuki kuliko bunduki. Sasa anauza pilipili na asali Ukunda. Tumekuwa marafiki. Ilikuwa vigumu mwanzoni kukaa barazani pale nikiwa mgeni wa mtu mwingine, lakini asali yake ni nzuri na yeye hana kosa.

Makosa yale yalinifanya mfanyakazi bora, na hilo nalisema bila aibu. Pale Diani tulikuwa tumetundika ngazi za kamba juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Ngazi moja ilitundikwa mahali palipotufaa sisi, penye nguzo imara. Hakuna mbega aliyeitumia. Wenzangu wakasema mbega ni wajinga. Nikachukua chupa ya kahawa ya tangawizi, nikaketi juu ya jiwe asubuhi baada ya asubuhi, nikatazama wao huruka wapi. Walikuwa wakivuka mbele kidogo tu, penye mkwaju uliotanua matawi. Tukaihamisha. Siku mama mbega alipovuka na mtoto wake kifuani, mweupe kama pamba, maana watoto wa mbega huzaliwa weupe, dereva mmoja wa lori la mchanga alisimama akazima injini, akatazama mpaka wamefika. Hakuna mshahara ulionifurahisha kama dakika ile.

Na siku moja nilisema hapana. Bwana mmoja alitaka kujenga nyumba za wageni Msambweni, na nilitumwa kutathmini uwanja wake mwezi wa Februari. Kiwanja kilikuwa kikavu, ndani ya bonde dogo, ardhi imepasuka. Nikamwambia mkuu wangu wa wakati huo nitarudi masika.

"Unamchelewesha mtu bure," akasema.

"Namchelewesha, mkuu."

"Unakataa agizo?"

"Sikatai. Naomba kungoja mvua."

Alinihamishia chumba kisicho na dirisha, pamoja na mashine ya kupiga chapa isiyofanya kazi. Nilikaa humo nikisikiliza matone yakianza kupiga bati. Masika yalipokolea, simu ikalia. Alikuwa yule bwana mwenye kiwanja, na sauti yake imepanda.

"Mzee, niko hapa kwenye uwanja. Gari langu linaogelea!"

"Na vyura wanaimba?"

"Wanaimba, na kuna bata pia!"

"Basi sasa umeuona uwanja wako."

Alijenga mbali kidogo, juu, na mpaka leo akiniona Ukunda huninunulia chai. Mkuu alinirudishia dirisha. Basi wanangu, mkitumwa kutazama ardhi, itazameni mara mbili, kiangazi na mvua. Ongeeni na wanaokwenda kuni, wanaochunga, wanaochota maji, tena waulizeni kabla ya mkutano, wakati hakuna jamaa wa kuwanyamazisha. Na pale penye ndugu yako, mpe mwenzako kigingi apige yeye. Siku hizi naona mna vyombo vya kuruka angani na ramani ndani ya simu. Ni vizuri. Lakini picha ya angani iliyopigwa kiangazi nayo ni ya kiangazi.

Maisha yangu sasa ni mazuri, alhamdulillahi. Nina mbuzi, mihogo, na mke anayesema nilipokuwa kazini alikuwa na amani zaidi. Wajukuu hunifuata wakitaka niwaonyeshe nyayo, hata za kuku. Nimelala usingizi mzuri miaka mingi. Yale ya mjomba ndiyo sikuweza kuyamaliza.

Nilikwenda Majoreni kumtembelea mara kwa mara. Nyumba ya Mwanaisha ilikuwa na mkeka mkubwa sebuleni, na watu wote wa nyumbani hukaa hapo, wakila pamoja. Nilipokuwa mtoto nililala juu ya mkeka wa mjomba. Lakini nikifika Majoreni mjomba alimwambia binti yake, "Mletee afisa kiti." Nikaletewa kiti, nikaletewa kahawa na haluwa kwenye kisahani kizuri, kama mgeni wa heshima. Yeye alikaa mkekani. Nilijaribu siku moja kushuka.

"Mjomba, niache nikae chini nawe."

"Hapana, utachafua suruali."

Nilimweleza kwamba bonde limefunguliwa, kwamba ndovu hawaendi tena kule. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa. "Vyema. Umewasaidia watu," akasema. Hakunitukana hata siku moja. Aliniuliza hali ya watoto, akawaombea dua. Kila nilipomsihi aje akae kwangu Waa, alisema hataki kumpa mke wangu taabu. Nilikuwa nikiondoka nimeheshimiwa sana.

Mwaka huu baada ya Idi nilikwenda kwa Mwalimu Mutua kuchukua asali. Alinipokea mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana kwa msiba, mzee."

Nikamuuliza msiba gani.

Uso wake ukabadilika. Alidhani najua. Alikuwa ameambiwa sokoni na muuza samaki wa Majoreni kwamba Mzee Salim, aliyemuuzia shamba, amefariki Ijumaa na kuzikwa baada ya sala. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nikatoka uani nikampigia simu Mwanaisha.

"Dada, ni kweli?"

"Ni kweli, kaka. Pole."

"Mbona hamkuniita?"

Akasema kwa upole, kama anayenihurumia. "Baba alituachia neno. Alisema afisa asisumbuliwe, ana kazi nyingi."

"Mwanaisha, mimi nimestaafu."

"Najua, kaka. Yeye pia alijua."

Kwetu, maiti akishushwa kaburini, hupokewa na watu wake wa karibu. Kwa mjomba mmojawapo alipaswa kuwa mimi. Nilikuwa mpwa wake pekee, kijana aliyemlea. Alipokelewa na wavuvi wa Majoreni, watu wema, waliomjua miaka michache. Nilifika siku ya nne ya msiba, nikaonyeshwa kaburi, nikasoma Fatiha, na Mwanaisha akaniletea kiti.

Hiyo ndiyo gharama ya kusema naam kiangazi kile. Nilimpoteza mjomba wangu angali hai, na alipokufa sikumzika.